Tangi Linajiandaa Kujaa

Jirani yangu mkunga aliwahi kuniuliza, ndoo tupu mkononi, "Mwenzangu, hicho kisanduku chenu cha kutafsiri, kinamtafsiria nani?"

Sikumjibu papo hapo, kwa sababu mimi si msemaji wa Ofisi ya Maji. Mimi ni Msomaji wa Skrini, Daraja la Tatu, na kazi yangu ni kusoma, si kujibu. Lakini kwa kuwa mambo yamekwisha kutulia, na kwa kuwa mitaani yanasemwa mengi na watu ambao hawakuwepo, nachukua nafasi hii kuutangazia umma, kwa heshima na taadhima, jinsi Ofisi yetu ilivyoondoa tatizo la maji mlimani bila kutumia hata tone moja la maji.

Nianze na kisanduku chenyewe. Pampu zetu ni za zamani na zina lugha yao ya zamani, ambayo huisema kupitia waya mnene mweusi. Kompyuta tulizoletewa ni mpya na zina lugha yao mpya, ambayo huisikia kupitia waya mwembamba wa buluu. Ukiziunganisha hivi hivi, ni kama kuwakalisha mezani mama mkwe na mkwe wasiojua lugha moja: watatabasamiana mpaka chakula kipoe, na hakuna atakayejua nani anaumwa. Kwa hiyo katikati yao huwekwa kisanduku, kikubwa kama tofali, chenye tundu la waya mweusi upande huu na tundu la waya wa buluu upande ule. Taa ya kushoto inamulika pampu ikisema. Taa ya kulia inamulika kompyuta ikisikia. Kinachotokea kati ya taa hizo mbili ndicho kinachoitwa utawala.

Zamani kazi hiyo ilifanywa na marehemu mume wangu. Alikuwa anakaa kwenye chumba cha pampu, na akisikia mlio umebadilika, anapanda ngazi hadi ghorofa ya juu kabisa, anavua kofia, anasema, "Mzee, pampu imeungua." Hakuwa na maneno mengine. Mungu amrehemu, hakupandishwa cheo hata mara moja. Mkurugenzi alipokuja kunipa pole alisema mume wangu alikuwa mtu wa ukweli, na kwa jinsi alivyolitamka neno hilo nilielewa kwamba ndio uliomuua.

Baada ya msiba Ofisi ilinikumbuka. Ilinunuliwa skrini kubwa ikawekwa ukumbini, mkabala na lango, na akatafutwa mtu wa kuisoma kwa sauti, kwa ajili ya wananchi wasioona vizuri, wasiojua kusoma, na wasioamini macho yao. Katibu ndiye aliyenihoji.

"Elimu yako, mama?"

"Darasa la saba."

"Hiyo inatosha kabisa. Ikizidi hapo mtu huanza kuelewa." Akaandika. "Na nasikia wewe ni mtu wa sala. Husemi uongo."

"Sisemi, mwanangu."

"Vizuri sana. Wewe utasoma kilichoandikwa."

Nikamshukuru Mungu, nikaanza kazi.

Siku fundi wa mitandao alipokuja kukitengeneza kisanduku kifuate matakwa ya Ofisi, kiliitwa kikao ghorofa ya juu. Nilipanda na birika la chai, na kwa kuwa birika lilikuwa langu, nilibaki nalo hadi mwisho. Alikuwepo Mkurugenzi, ambaye watumishi tulimwita Bwana Shwari, ingawa si mbele yake. Alikuwepo Katibu. Fundi alikuwa mtu mtaratibu, mwenye koti lenye mifuko mingi na mgongo uliozoea kuinama. Alikichomeka kisanduku kwenye kompyuta yake ya mkononi, akaeleza.

"Hiki hakijui kitu, wazee wangu. Kinafuata jedwali tu. Huku kushoto ni kile pampu inachosema. Huku kulia ni kile kompyuta itakachosikia na skrini itakachoonyesha. Mimi kazi yangu ni kuandika. Niambieni niandike nini."

Wakubwa wakatazamana. Miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kuwaambia kwamba upande wa kulia unaandikwa na mtu.

Papo hapo kikao kiligeuzwa kuwa Kamati ya Lugha ya Mitambo.

"Pampu imeungua," fundi akasoma mstari wa kwanza. "Kompyuta isikie nini?"

Katibu alikunja uso. "Imeungua ni neno kali."

"Ndivyo pampu inavyosema."

"Pampu haijaenda shule," akasema Mkurugenzi. "Andika: Pampu imepata joto la kazi."

Fundi akaandika. "Bomba limepasuka."

"Bomba limepanua huduma," akasema Mkurugenzi, na Katibu akajisahau akapiga makofi.

"Maji machafu."

Hapo kikao kiliahirishwa, nikamimina chai. Waliporudi kwenye viti iliandikwa: Maji yenye uzoefu.

"Tangi la mlimani tupu."

Mkurugenzi aliinuka akaenda dirishani. Kutoka pale unauona mlima wote, na tangi limekaa juu yake kama kofia kwenye kichwa cha mtu aliyelala. Alilitazama kwa huruma. "Hakuna kitu kitupu hapa duniani," akasema bila kugeuka. "Tunachokiita kitupu ni kitu ambacho bado hakijapewa nafasi. Andika: Tangi linajiandaa kujaa."

Niseme ukweli, yalikuwa maneno mazuri. Mimi naishi mlimani, na usiku ule nilimwambia mkwe wangu, mke wa mwanangu, ambaye tumbo lake lilikuwa limeanza kuonekana. Naye alisema yanafaa kuandikwa kwenye khanga.

"Kwa taarifa tu, wazee," fundi alisema, macho kwenye kompyuta. "Hizi kompyuta mpya zikisikia pampu imeungua, zinaiwasha pampu ya akiba zenyewe. Zikisikia joto la kazi, sijui zitafanya nini."

"Zitaipongeza," akasema Mkurugenzi.

"Sawa, mzee. Na pampu ikisema kitu ambacho hakimo kwenye jedwali?"

"Kitu kama nini?"

"Sijui. Ndiyo maana hakimo."

Mkurugenzi alifikiri, akanyoosha kidole kwenye mstari wa mwisho. "Andika hapo: chochote tusichokijua, kitafsiriwe Hali ni shwari."

Kisha akatoa agizo ambalo baadaye lilikuja kukumbukwa na wengi. Aliagiza jedwali lifungwe kwa neno la siri atakalolijua yeye peke yake, na lisiweze kuguswa mstari mmoja mmoja. Ama liwepo lote, ama lifutwe lote. "Ukikubali kurekebisha mstari mmoja," alisema, "kesho watu watataka wa pili." Akaivuta kompyuta, akageuza kioo upande wake, akaliandika lile neno kwa kidole kimoja, huku akitabasamu peke yake kama mtu anayesoma barua ya uchumba. Fundi akakirudisha kisanduku ukutani. Taa zikamulika, ya kushoto halafu ya kulia.

Matokeo yalionekana mara moja. Haukupita muda mrefu pampu kuu ikaungua. Nalijua hilo kwa sababu moshi ulionekana kutoka barabarani. Taa ya kushoto ilimulika kwa fujo, ya kulia ikamulika kwa adabu, nami nikasoma ukumbini kwa sauti ya wazi: "Pampu kuu: imepata joto la kazi." Wananchi waliokuwa kwenye foleni wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Mzee mmoja alisema kumbe na mashine nazo zinajituma.

Pampu ya akiba ilikuwa hapo hapo kando, mpya, na nailoni yake ya dukani haijatolewa. Haikupata agizo lolote, ikaendelea kupumzika.

Basi tangi likaanza kujiandaa kujaa, na likawa linajiandaa kwa bidii kila siku inayopita. Kazini nilisoma kwamba linajiandaa. Nyumbani niliteremka na dumu hadi kwenye chemchemi ya bondeni, nikapanda nalo. Sikuona mgongano wowote. Kazini nilikuwa mtumishi wa umma, na nyumbani nilikuwa umma.

Malalamiko yalipokuja, yalikuta utaratibu. Katibu alibandika tangazo chini ya skrini: ANAYEBISHANA NA SKRINI ANABISHANA NA OFISI. Hapo ndipo jirani yangu mkunga alipokuja mara ya kwanza na ndoo yake.

Yeye ndiye mwenye zahanati ya mlimani, maana ingawa ina mganga mkuu kwenye karatasi, mganga huyo hatujapata kumwona. Wanawake wote wa kule juu wanajifungulia mikononi mwake.

"Mwenzangu, bomba la zahanati limekauka," aliniambia.

Nikasoma: "Tangi la mlimani: linajiandaa kujaa."

"Nimekusikia. Mimi nakwambia limekauka."

"Mimi sina cha kusema, dada. Nasoma tu."

"Wakaguzi wa afya wamekuja. Wamesema wakirudi wakikuta bomba kavu, chumba cha uzazi wanakifunga kwa kufuli. Mwanamke akishikwa na uchungu ateremke mlima, avuke mji, aende hospitali kubwa. Unaujua ule mteremko?"

"Naujua. Naupanda na dumu."

"Na mkwe wako mwezi wake unakaribia."

Niliitazama skrini nikiomba Mungu aandike jingine. Skrini ikabaki na yale yale.

"Nataka kumwona Mkurugenzi," akasema.

Nikampeleka kwa Katibu. Katibu akatoka naye hadi mbele ya skrini, akamwonyesha kwa kalamu. "Mama, taarifa hiyo hapo. Inajieleza."

"Haiwezi kuogesha mtoto."

"Hilo ni suala la Wizara nyingine," alisema Katibu kwa upole, akamfungulia mlango.

Mkunga ni mtu wa kungoja, kwa kuwa ndiyo kazi yake. Akawa anakuja kila mara, anakaa kwenye benchi la ukumbini na ndoo yake mapajani, kama mgonjwa aliyekuja na kipimo chake mwenyewe.

Wakati huo sifa za kisanduku zilikuwa zimefika mbali. Mkurugenzi alifurahi hata akaamuru kiunganishwe na kila kitu kinachosema ndani ya jengo. Jengo letu halina vingi vinavyosema. Kilichopatikana ni lifti. Lifti hiyo aliitumia yeye peke yake, sisi wengine tulishauriwa ngazi kwa faida ya moyo. Fundi akavuta waya mwingine mweusi, akauchomeka. Na ili kuzuia alichokiita simu za kiholela, Mkurugenzi alitia saini mkataba na kampuni ya lifti, yenye karakana ng'ambo ya barabara: mafundi wao waje pale tu skrini itakapowaita, si mtu.

Tangu siku hiyo lifti ikawa na mstari wake, nami nikawa naisoma. "Lifti: hali ni shwari." Mwanzoni ilisema asubuhi tu. Baadaye ikawa inasema na mchana. Kisha ikawa inasema kila Mkurugenzi anapopanda na kila anapoteremka, na tena ikiwa imesimama peke yake. Nilimwambia fundi siku moja alipopita.

"Mwanangu, hii lifti imekuwa na maneno mengi."

Akatazama taa ya kushoto ikimulika, akajikuna shingo. "Inaonekana ina jambo, mama."

"Jambo gani?"

"Silijui. Halimo kwenye jedwali." Akainua begi lake. "Likitafsiriwa ni shwari."

Nikampongeza hata Mkurugenzi kwa kuwa na lifti yenye hali ya shwari kila wakati. Alinijibu kwamba samaki huanzia kichwani, akaingia ndani yake.

Ikafika siku ya Bodi. Bodi ilikuwa inakuja kumpa Mkurugenzi ngao ya Taarifa Njema, kwa kuwa katika ofisi zote za maji yetu ndiyo pekee iliyokuwa haijapata tatizo hata moja. Viti vilipangwa ukumbini, vikitazama skrini. Mwenyekiti wa Bodi, mama mmoja wa makamo mwenye miwani ya kamba, alifika mapema akaketi mbele na ngao mapajani. Nyuma kabisa, kwenye benchi lake, alikuwepo mkunga na ndoo yake. Alikuwa amekuja kuniambia kwamba wakaguzi wangerudi siku hiyo hiyo kabla jua halijazama, na kwamba mkwe wangu tangu alfajiri alikuwa anakwaruza ukuta kwa kucha kwa uchungu.

Mkurugenzi aliingia kwenye lifti kule juu, akiwa amevaa suti yake ya kupokelea. Tulisikia mlango ukijifunga. Tukasikia mvumo. Halafu tukasikia mshindo kama wa gunia la misumari, na mvumo ukakatika.

Taa ya kushoto ikamulika bila kupumzika.

"Lifti: hali ni shwari," nikasoma.

Bodi ikapiga makofi.

Baada ya muda tukasikia kugonga. Kulitoka ndani ya ukuta, katikati ya ghorofa na ukumbi. Mwenyekiti wa Bodi akageuza kichwa. "Hiyo ni nini?"

Katibu akatazama skrini. "Ni shwari, Mheshimiwa."

Kukawa kunagongwa kwa nguvu zaidi. Nikasogea hadi kwenye mlango wa lifti, nikaweka sikio.

"Nani hapo?" ilisema sauti ya Mkurugenzi, imebanwa kama ya mtu aliye ndani ya mtungi.

"Ni mimi, mzee. Msomaji."

"Nimekwama."

Nikarudi kuitazama skrini, kwa kuwa tangazo lilikuwa chini yake na sikutaka kuvunja utaratibu siku ya wageni. "Mzee, hapa inasema shwari."

Mkurugenzi akasema taratibu, "Mama. Niko ndani yake."

Katibu alikuja mbio kwa ncha za viatu. Simu ya Mkurugenzi haikushika mtandao ndani ya chuma, kwa hiyo Katibu alipiga yake kwa kampuni ya lifti, kampuni hiyo hiyo ambayo karakana yake ilionekana dirishani. Aliweka sauti kubwa, sote tukasikia.

"Kwetu huku inaonyesha shwari, kiongozi," alijibu fundi wa lifti.

"Mkurugenzi amekwama."

"Skrini imesema?"

"Haijasema."

"Basi hiyo ni simu ya kiholela, kiongozi. Mkataba wenu huu hapa, ninao. Nikivuka barabara bila kuitwa na skrini natozwa faini. Nakuoneni lakini." Na kweli, ng'ambo ya barabara mtu mwenye ovaroli alitupungia mkono.

Fundi wetu wa mitandao alikuwepo, maana aliitwa asimamie skrini isizime mbele ya Bodi. Katibu alimshika mkono. "Andika lifti imekwama."

"Siwezi, kiongozi. Jedwali limefungwa. Neno analo mzee."

Ikabidi tuongee mlangoni wote.

"Futa mstari wa lifti peke yake," ilisema sauti kutoka ukutani.

"Mzee, uliagiza usifutike mmoja mmoja," alisema fundi. "Ama lote ama hakuna."

"Likifutwa lote skrini itaonyesha nini?"

"Itaonyesha vitu vinachosema vyenyewe, mzee. Pampu, bomba, tangi. Kama vilivyo."

"Bodi imeshakuja?"

"Imekaa mbele ya skrini."

Lifti ikatoa mlio mrefu, kama mlango wa kaburi la kwenye hadithi. Mkurugenzi alivuta pumzi, tukaisikia.

"Mwambieni Mwenyekiti nimepata udhuru. Ngao aiache mezani. Wakishaondoka, nitalisema hilo neno."

Mwenyekiti wa Bodi, ambaye alikuwa amesimama nyuma yetu kwa muda bila sisi kujua, alisema, "Hatuna haraka, Mkurugenzi. Tutakungoja."

Hapo mkunga aliinuka kwenye benchi. Alitupita sote, akaweka ndoo chini, akasogeza mdomo kwenye ufa wa mlango kama anavyofanya kwenye sikio la mwanamke aliyechoka.

"Baba," akasema.

"Nani tena huyo?"

"Mkunga wa mlimani. Mimi wa ndoo."

"Sasa wewe unataka nini hapa?"

"Nakuja kwako siku zote, leo ndiyo umenipa nafasi. Uko peke yako humo?"

"Niko peke yangu."

"Na kumekubana?"

"Kumenibana."

"Usisukume mlango. Bado. Vuta pumzi kwa pua, toa kwa mdomo." Tukasikia akivuta, akitoa. "Vizuri. Sasa nisikilize. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Hicho kilichokukaa hapo, kitoe. Ukishakitoa utajisikia mwepesi."

"Kuna watu hapo nje."

"Kila anayezaa huwa anasema hivyo."

Lifti ikateleza kidogo. Kidogo tu, kama mtu anayejirekebisha kitini. Mkurugenzi alitoa sauti ambayo sitaiandika, kwa heshima ya Ofisi.

"Fundi," akasema. "Uko hapo? Andika."

"Nipo, mzee. Niambie."

Ilitoka kwa sauti ndogo. "Waziri ajaye."

"Sijasikia vizuri, mzee. Huku ukuta ni mnene."

"Waziri ajaye," alirudia kwa nguvu, na neno likapanda ndani ya lile shimo la lifti, likagonga juu, likarudi kwetu mara ya pili. "Herufi kubwa zote. Bila nafasi."

Mwenyekiti wa Bodi alivua miwani, akaifuta, akaivaa.

Fundi aliandika. Akauliza, "Nilifute lote, mzee?"

"Futa."

Kwa muda skrini ilikuwa nyeusi, na taa za kisanduku zote mbili zikazima. Kisha ya kushoto ikawaka, na ya kulia ikawaka nayo, sawia, kama hatua za watu wawili waliozoeana. Maandishi yakaanza kuteremka, mekundu. Ukumbi wote uligeukia kwangu. Tangazo halikuwa limebadilika, na kazi yangu haikuwa imebadilika. Nikasimama mahali pangu, nikasafisha koo, nikasoma kilichoandikwa.

"Pampu kuu: imeungua. Bomba la sokoni: limepasuka. Kichujio: kimeziba. Maji ya mtaa wa chini: machafu. Tangi la mlimani: tupu. Lifti: mkanda umechakaa. Lifti: mkanda umechakaa. Lifti: mkanda umechakaa. Lifti: imekwama."

Niseme tu kwamba nilipofika kwenye pampu nilimkumbuka marehemu, na nikatamani ningekuwa na kofia ya kuvua.

Ng'ambo ya barabara mtu wa ovaroli alisoma kwenye simu yake, akaokota sanduku la vifaa, akavuka akiangalia kulia na kushoto kwa uangalifu, kwa kuwa sasa alikuwa ameitwa. Na kabla hajafika mlangoni, mstari mpya ulishuka kwenye skrini, wa kijani, nikausoma pia: "Pampu ya akiba: imewaka." Hakuna aliyeiagiza. Kompyuta ilisikia neno lake tu.

Simu ya mkunga ikaita. Alisikiliza, akasema, "Mfunge kitenge kikavu, mwambie nakuja," kisha akasikiliza tena. Akanigeukia. "Bomba la zahanati linakohoa."

"Linakohoa vipi?"

"Linakohoa kama lenye kitu kifuani." Akaisogeza simu, nikasikia kwa mbali, nyuma ya sauti za wanawake, kitu kikichuruzika kwenye karai. Nilitaka tuondoke pamoja mara ile ile. Lakini mkunga aliipindua ndoo, akaikalia mbele ya mlango wa lifti. "Mkwe wako bado," alisema. "Ngoja kwanza huyu azaliwe."

Fundi wa lifti alifungua kisanduku kingine ukutani, akazungusha gurudumu kwa mkono, na kile chuma kikateremka polepole hadi usawa wa sakafu. Mlango ukafunguka. Mkurugenzi alikuwa amesimama ndani, tai imekaa begani, paji la uso limelowa. Mbele yake alikuwepo mkunga juu ya ndoo, na nyuma ya mkunga Mwenyekiti wa Bodi na ngao, na nyuma ya ngao skrini yote ikiwa nyekundu.

"Mkurugenzi," alisema Mwenyekiti kwa upole. "Hali ikoje?"

Mkurugenzi akafungua mdomo. Ninaamini kabisa neno shwari lilikuwa limekwisha kufika kwenye ulimi wake. Aliitazama skrini, akaitazama ndoo, akaufunga mdomo. Kisha akatoka ndani ya lifti, hatua moja, nyingine, na mara mguu wake wa pili ulipoacha chuma, mstari wa mwisho ukaandikwa. Wajibu ni wajibu. Nikausoma kwa sauti ya wazi, ili wasioona vizuri wapate kujua.

"Lifti: tupu."

Mkunga akaondoa ndoo njiani kumpisha. Mkurugenzi akapita kati ya viti vya Bodi, akalipita lile tangazo chini ya skrini, akafika langoni, akatoka nje kwa miguu.